Shangazi, nimepona saratani ya titi lakini sijioni mzima

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma safu yako miaka mingi bila kuwaza kwamba siku moja nitaandika mimi. Nina miaka 46, ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mume na watoto wawili, wa kwanza binti wa miaka 17. Mwaka juzi niligunduliwa nina saratani katika titi la kushoto. Nikapitia yote: dripu za kemo kwa miezi, kisha wakaliondoa titi lote pamoja na tezi za kwapani, kisha mionzi. Mionzi ilikwisha miezi kumi na minne iliyopita. Daktari akaniambia haoni dalili ya ugonjwa iliyobaki, akaniandikia vidonge vya tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka isiyopungua mitano, tukapeana mikono. Nyumbani walilia kwa furaha. Na mimi nililia.

Sasa naomba unisikilize bila kunihukumu. Mtu aliyerudi kutoka hospitali siye aliyekwenda.

Hedhi ilikatika wakati wa kemo na haijarudi. Moto unaanzia kifuani, unapanda shingoni, na uso unalowa jasho mbele ya darasa zima. Usiku naamka mara tatu, nne, nabadilisha nguo. Uchovu nilionao si ule wa kazi, wa kulala ukaamka mzima. Huu naamka nao. Juzi nilisimama na chaki mkononi nikashindwa kulikumbuka jina la mtoto niliyemfundisha miaka miwili. Watoto walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda kulia chooni.

Mkono wa kushoto ikifika jioni unakuwa mzito kama umebeba ndoo. Tangu mwezi uliopita pete ya ndoa imegoma kuingia. Mume wangu amekiona kidole kitupu. Hakuuliza, nami sikusema.

Yeye hajaniacha, na kipindi cha kemo alinihudumia kama mama anavyomhudumia mtoto. Lakini alihamia chumba kingine ili nisisumbuliwe usingizi, na hajarudi. Navua nguo gizani. Kovu langu hajaliona. Tulijaribu tendo la ndoa mara moja, nikasikia maumivu kama ya wembe, nikauma meno, akagundua. Toka siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji.

Kila nikifungua mdomo naambiwa nishukuru. Mama mkwe alinijibu, “Wenzako wako makaburini.” Ni kweli. Dada mmoja tuliyekuwa tukikaa viti vya jirani kwenye kemo, tukicheka wigi zetu, amefariki. Kwa hiyo nikanyamaza.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwa wiki tatu sijameza tamoksifeni. Binti yangu huwa anakagua paketi, basi kila asubuhi natoa kidonge kimoja, nakifunga kwenye karatasi ya chooni na kukitupa. Nilitaka nilale usiku mmoja tu bila kuungua.

Na hapo hapo naogopa kufa. Nikikohoa naiona maiti yangu. Mgongo ukiuma nasema imerudi, imeingia mifupani. Nilimwomba daktari anipige picha za mwili mzima akakataa, akasema hakuna haja. Nahisi ananificha kitu.

Mwishoni mwa mwezi ujao shuleni kuna siku ya uhamasishaji kuhusu saratani. Wameniweka kwenye ratiba nitoe ushuhuda, jina langu likifuatiwa na neno “shujaa”. Shangazi, nisimame niseme nini? Je, ni dhambi mtu kutaka kitu zaidi ya uhai?

Mwalimu Asiyeshukuru

—

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, kisha nikaenda kumwona muuguzi ninayemwamini, aliyewahudumia wagonjwa wa saratani kwa miaka mingi, nisije nikakujibu kwa hisia tupu. Mengi ya kitabibu utakayosoma hapa yamepita mikononi mwake. Ukali, kama upo, ni wangu.

Naanza na ile karatasi ya chooni, maana ndiyo pekee isiyoweza kungoja.

Tamoksifeni huandikwa kwa saratani inayolishwa na homoni, hivyo yako ilikuwa ya aina hiyo. Kidonge hukaa pale ambapo estrojeni, homoni ya kike, ingekaa kwenye seli, na estrojeni ikija inakuta nafasi imeshikwa. Takwimu za majaribio mengi zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 2011 zilionyesha kwamba kwa wanawake wenye saratani ya namna hii, kutumia tamoksifeni kwa takriban miaka 5 kulipunguza vifo vya saratani ya titi kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Soma tena sentensi hiyo: unameza miaka 5, kinga inakufuata 15. Unachokitupa chooni kila asubuhi si kitu kidogo.

Lakini sikugombezi. Wanawake wengi huviacha vidonge hivi kabla ya muda, na wengi huviacha kimyakimya kama wewe, kwa sababu wanaona aibu kumwambia daktari kwamba dawa inayowaokoa inawatesa. Kosa si kuchoka. Kosa ni kuchoka ukiwa peke yako. Kesho piga simu kliniki, usingoje tarehe ya kwenye kadi, useme hivi hivi: “Nimeacha tamoksifeni wiki tatu kwa sababu ya joto na kukosa usingizi. Nataka kuendelea, lakini si kwa hali hii. Tufanye nini?” Usimeze viwili viwili kufidia vilivyopita. Na binti yako mwambie ukweli, huyo mtoto amejipa kazi ya kuulinda uhai wako, hastahili kulinda paketi tupu.

Daktari akikujibu “vumilia”, usiondoke kwenye kiti. Kuna mengi kabla ya kufika kwenye kuvumilia. Pengine mtabadilisha muda wa kumeza, pengine atakuhamishia dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo. Kuna dawa zisizo za homoni ambazo hupunguza joto: venlafaksini, ambayo asili yake ni dawa ya sonona, na gabapentini, ya maumivu ya neva, ambayo mara nyingi hutolewa usiku kwa kuwa inaleta usingizi. Hapa kuna mtego mmoja uujue. Dawa mbili nyingine za sonona, paroksetini na fluoksetini, huuzuia mwili kuigeuza tamoksifeni iwe katika hali inayofanya kazi. Daktari yeyote atakayekuandikia dawa ya usingizi au ya huzuni, hata kama si wa saratani, mwambie unatumia tamoksifeni kabla hajaishika kalamu. Vidonge vya kurudisha homoni, ambavyo wanawake wengine waliokoma hedhi hupewa, kwako si njia: jaribio lililoanzia Uswidi kwa wanawake waliowahi kuugua kama wewe lilisimamishwa Desemba 2003 kwa sababu saratani ilikuwa inarudi zaidi kwa waliopewa. Na yule jirani mwenye mizizi ya “kusawazisha homoni”, ambaye lazima yupo maana hakosekani, mshukuru na umwage. Baadhi ya mimea hiyo inafanya kazi kama estrojeni yenyewe.

Tiba ya mazungumzo nayo inasaidia, ingawa watu huidharau. Mtaalamu hukufundisha kupumua taratibu moto unapopanda, na kuliondoa lile wazo la “kila mtu ananiona”, ambalo huuchochea moto uwake zaidi. Moto huenda usiishe wote, lakini hautakuendesha.

Sasa hilo la kushukuru.

Mwaka 1985 daktari mmoja wa Marekani, Fitzhugh Mullan, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua saratani, aliandika jambo ambalo naona lilikuwa linakusubiri wewe. Alisema utabibu umebobea katika kuwaokoa watu wanaozama, lakini wakishavutwa hadi gatini huachwa pale wakikohoa maji peke yao, kana kwamba kazi imekwisha. Wewe uko gatini, mwanangu, unakohoa, na watu wanakuzunguka wakikuambia, “Shukuru umetoka majini.” Umeshashukuru. Kukohoa hakufuti shukrani.

Tena kutaka zaidi ya uhai si tamaa yako binafsi wala si dhambi. Watafiti wa saratani wana madodoso maalumu ya kupima ubora wa maisha, na moja wapo limetungwa kwa ajili ya saratani ya titi pekee. Ukilisoma utadhani wamekuchungulia chumbani: linauliza kuhusu joto la ghafla, mkono kuvimba, unavyojiona ukiwa uchi, hamu ya tendo la ndoa, hofu ya siku zijazo. Kama hayo yangekuwa deko, wasingeyapa namba.

Na huyu dada wa kiti cha jirani. Umemtaja kwa mistari miwili ukampita mbio. Nadhani hujamlilia. Mama mkwe alipomtumia yeye na wenzake kukunyamazisha, alikunyang'anya na haki ya kuomboleza, maana utamliliaje mtu ambaye kifo chake kimegeuzwa deni unalodaiwa? Hukuchukua nafasi yake. Saratani haigawi viti. Mtafutie saa moja ya peke yako, umlilie kama rafiki. Na kama kuna siku unajiambia heri ungekwenda wewe, au asubuhi kadhaa mfululizo huoni sababu ya kuinuka, hilo usilifunge kwenye karatasi. Lipeleke kliniki siku hiyo hiyo. Sonona baada ya saratani inatibika.

Uchovu. Hapa ushauri wangu utakuudhi. Kwanza waombe wakupime damu, kwa sababu upungufu wa damu au tezi ya shingo iliyolegea huleta uchovu unaofanana na huo wako, na kila kimoja kina dawa yake. Vikionekana viko sawa, basi huu ni uchovu wa saratani, unaojulikana, unaoweza kukaa miezi au miaka baada ya matibabu, na kinachoupunguza kuliko kingine chochote ni mazoezi. Najua. Mtu asiyeweza kupanda ngazi anaambiwa atembee. Lakini huu si uchovu unaokwisha kwa kulala, ukiulalia unanenepa. Anza na dakika kumi za kutembea, leo na kesho, hata kama unaburuza miguu. Lengo wanalolitaja wataalamu ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemee kidogo, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili, ila usilifukuzie mwezi huu. Na usimalize nguvu zote siku unayojisikia vizuri, utazilipia siku tatu zinazofuata.

Kuhusu kusahau, sina mengi. Wanaotoka kwenye kemo wengi hulalamikia ukungu huo, na asiyelala usiku akili yake hupotea hata kama hajawahi kuumwa. Kwa wengi huinuka polepole. Kwa sasa andika majina ya watoto kwenye karatasi mezani, bila haya. Mwalimu mwenye orodha haonekani mgonjwa, anaonekana mwenye mpango.

Mkono ndio ulionishtua zaidi baada ya vidonge, kwa sababu umeutaja kama jambo la pete. Si la pete. Zile tezi za kwapani zilikuwa mifereji ya kurudisha maji ya mwili kutoka mkononi. Zikiondolewa, maji hutuama. Kwa wanaoondolewa tezi nyingi za kwapa, karibu mmoja kati ya watano hupatwa na uvimbe huu. Ukishikwa mapema unadhibitika vizuri, ukiachwa miaka ngozi hukakamaa. Kwa hiyo mwezi mmoja wa pete kugoma ni mwezi mmoja uliopotea, usiongeze wa pili. Omba kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo anayeujua uvimbe huo. Atakupima mikono yote miwili kwa futi, atakufundisha namna ya kuukanda kwa wepesi kuelekea juu, na huenda akakupa soksi ya mkono ya kubana. Ngozi ya mkono huo itunze, mkwaruzo mdogo uoshe. Na ukiona mkono umekuwa mwekundu, una moto, au umepata homa, hiyo ni hospitali siku ile ile, usilale nayo, kwani maambukizi kwenye mkono wa namna hiyo hukimbia.

Lakini usiuweke mkono kabatini. Zamani wanawake waliambiwa wasinyanyue chochote maisha yao yote. Mwaka 2009 utafiti wa Marekani uliwafuatilia wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na vyepesi na kuongeza kidogo kidogo chini ya uangalizi. Mikono yao haikuvimba zaidi ya ya wenzao, na dalili zilipungua. Woga wa kuutumia mkono unaudhoofisha mkono.

Sasa niende chumbani.

Kidole kitupu. Mwanangu, mume aliyekuogesha wakati wa kemo ameona pete haipo na hakuuliza. Unadhani amenyamaza kwa kuwa hajali? Mimi nadhani ameshajijibu, na jibu alilojipa ni baya kuliko ukweli. Wewe unaamini alihama kwa sababu ya kovu. Yeye huenda anaamini umeivua pete kwa sababu yake. Au alikuumiza mara moja, akaapa kimoyomoyo hatakuumiza tena, na kiapo hicho wewe unakiona kama mgongo uliogeuzwa. Sina uhakika, simjui. Ila jambo hili halihitaji ujasiri wa kuvua nguo. Linahitaji sentensi moja ya mchana, mkiwa mmevaa: “Pete haiingii kwa sababu mkono umevimba, nakwenda kutibiwa.” Anzia hapo. Pete inaweza kutundikwa kwenye mkufu au kuhamia mkono wa kulia mpaka uvimbe utakaposhuka.

Maumivu ya wembe nayo hayatoki moyoni. Kemo imezifunga ovari zako, na zikifungwa uke hukauka na ngozi yake huwa nyembamba. Hukumkataa mumeo, mwili ulikosa maji. Kuna vilainishi vya kutumia wakati wa tendo, na kuna vilainisha uke vya kutumia kila baada ya siku chache hata kama hamkutani, kama mtu anavyopaka mafuta ngozi kavu. Tafuta vya maji au vya silikoni visivyo na manukato. Mafuta ya kawaida huharibu kondomu. Na kondomu naitaja makusudi: ukiwa kwenye tamoksifeni hutakiwi kupata mimba, na hedhi iliyokatika kwa kemo katika umri wako si hakikisho, yai linaweza kuamka bila kupiga hodi. Kitanzi cha shaba ni njia nyingine isiyo na homoni. Krimu za homoni za kupaka ukeni zipo, ila kwako ni za kujadili na daktari wa saratani kwanza. Na wakati tuko huko huko: damu yoyote ukeni isiyotarajiwa, au mguu mmoja kuvimba na kuuma ghafla, vyote viripoti upesi, maana ni katika madhara machache mazito ya tamoksifeni.

Mkianza tena, anzeni na kulala chumba kimoja bila ajenda. Mwambie waziwazi kwamba usiku huo hakuna tendo, ili asikuguse kwa woga nawe usikae macho ukisubiri. Kovu mwonyeshe siku utakayotaka wewe. Lakini kabla yake, lione wewe. Nahisi anayeogopa kuliona si yeye peke yake. Siku moja mlango ukiwa umefungwa, taa ikiwa imewashwa, simama mbele ya kioo dakika moja. Kisha vaa. Siku nyingine, mbili. Sehemu ya ganzi karibu na kwapa, au hisia kwamba titi lisilokuwepo linawasha, usizistaajabie, ni neva zilizokatwa. Ukija kutaka titi la bandia la kuvaa ndani ya sidiria, au upasuaji wa kutengeneza titi, milango haijafungwa. Upasuaji huo unaweza kufanyika hata miaka baadaye. Na ukiamua kubaki bapa, hilo nalo ni uamuzi kamili wala si uvivu wa kujipenda.

Hofu. Daktari wako hakufichi kitu. Mwaka 1994 zilichapishwa tafiti mbili za Italia zilizowahusu wanawake zaidi ya 2,500 kwa jumla: kundi moja lilipigwa picha za mifupa, kifua na kadhalika kila baada ya muda, jingine likafuatiliwa kwa uchunguzi wa kawaida na mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi. Waliopigwa picha nyingi hawakuishi zaidi. Ndiyo maana asiye na dalili hupimwa kwa mikono ya daktari kila baada ya miezi mitatu hadi sita katika miaka mitatu ya mwanzo, na mamogramu ya titi lililobaki mara moja kwa mwaka. Picha za ziada humpa mtu wiki mbili za amani, kisha kijidoa kisicho na maana kinachohitaji sindano ya kuchukua kipimo, kisha hofu mpya. Angekueleza hivyo badala ya kusema “hakuna haja” tu, hili namlaumu nalo.

Muuguzi wangu ana kanuni anayowapa wagonjwa: maumivu mapya yasiyo na sababu, kikohozi, au kupungua mwili bila kukusudia, yakivuka wiki mbili, piga simu. Uvimbe mpya kifuani au kwapani, manjano machoni, kukosa pumzi au kichwa kinachozidi kuuma, usingoje wiki mbili. Mgongo ulioinama kusahihisha madaftari ukipona Jumapili, haukuwa saratani. Andika tarehe maumivu yalipoanza, kisha endelea na siku yako. Hofu haitaondoka yote, na itakuja kwa nguvu wiki ya kliniki na mwezi ule uliogunduliwa. Ukijua saa zake haikuvamii.

Imebaki siku ya uhamasishaji.

Nenda kwa aliyepanga ratiba wiki hii umwombe afute neno “shujaa”. Hata ushuhuda wenyewe unaweza kuukataa, sema tu ratiba yako hairuhusu, si uongo, una miadi mingi. Lakini ukitaka kusimama, usiwape hadithi ya ushindi. Wapo walimu wenzako na wazazi wa wanafunzi watakaokaa pale ambao mama zao, dada zao, wake zao wamemaliza matibabu na wamenyamaza. Waambie kuhusu mkono. Waambie mtu akimaliza mionzi wasimwambie ashukuru, wamuulize amelalaje.

Na kliniki ni kesho, si baada ya hotuba. Niandikie walichosema kuhusu vidonge.

Wako,
Shangazi